Sura ya 6: Zambarau ya Uani

Barabara ya Bristol hutoka katikati ya jiji la Birmingham, ikashuka kusini magharibi, ikapita Chuo Kikuu na kuingia Selly Oak, kisha baada ya kilomita zipatazo 6 nyingine ikafika Longbridge. Kwa karibu miaka 100 hiyo ilikuwa njia ya kwenda kazini. Mwaka 1905 Herbert Austin alinunua pale Longbridge jengo la kiwanda cha uchapaji kilichoachwa, akakigeuza kiwanda cha magari. Tarehe 26 Agosti 1959 ulimwengu ulionyeshwa gari dogo lililobuniwa na Alec Issigonis, ambalo magurudumu yake yalisukumwa pembeni kabisa na injini yake ikalazwa kwa upana ili watu wanne wapate pa kukaa. Ndiyo Mini. Ya mwisho ya umbo lile la asili ilitoka Longbridge Oktoba 2000, na Aprili 2005 kampuni ya MG Rover ikafilisika, watu wapatao 6,000 wakarudi nyumbani bila kazi.

Selly Oak nayo ilikuwa na viwanda vyake. Jomo Kenyatta alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha Wakweka cha Woodbrooke, kando ya barabara hiyohiyo ya Bristol, mwaka 1931 na 1932, pikipiki za Ariel zilikuwa zikiundwa mtaani humo. Mwaka 1932 ndipo kiwanda hicho kilipotoa pikipiki iliyopewa jina kwa rangi yake, Red Hunter, mwindaji mwekundu, yenye tangi jekundu lililozungushiwa kromu. Kiwanda hakipo tena. Leo Selly Oak ni mji wa wanafunzi: nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta, magari yaliyobanana pande zote mbili za mtaa, na nyuma ya kila nyumba ua mwembamba.

Katika ua wa namna hiyo, chini ya turubai, ndimo kazi ya sura hii inamofanyika. Mini ya miaka ya 1970, imevuliwa vioo, viti na taa, imeinuliwa juu ya stendi nne. Mwenyewe anataka iwe zambarau. Haikuwahi kuwa zambarau kiwandani, na duka halina kopo lililoandikwa jina la zambarau anayoiona kichwani. Itabidi aichanganye.

Kabla ya uzuri, rangi ya gari ni ngao. Chuma cha bodi ni chembamba kiasi cha milimita moja au pungufu, na maji yenye chumvi yakikifikia hukila. Waingereza humwaga chumvi barabarani majira ya baridi ili barafu isigande; Mombasa na Unguja chumvi hiyohiyo huja bure na upepo wa bahari, na gari linaoza kwa namna ileile, kuanzia chini ya milango, kwenye maungio na mahali maji yanapotuama. BMC, kampuni iliyounda Mini za mwanzo, iliwahi kutumia mtambo wa Rotodip: bodi ilichomekwa kwenye mhimili kama mshikaki, ikazungushwa ndani ya birika la praima ili rangi iingie hadi ndani ya mifereji isiyoonekana. Hata hivyo zilioza. Mtu wa uani hana birika wala mtambo, na mahali pasipofikiwa na mkono wake patabaki uchi. Ndiyo maana saa nyingi za kazi yake hazihusu rangi kabisa.

Zinahusu msasa. Kutu hukwanguliwa hadi chuma king'ae, palipotoboka hukatwa na kuchomelewa bati jipya, mabonde madogo hujazwa puti, kisha huja praima, na baada ya praima, msasa tena. Mafundi wana mbinu moja ambayo inafaa kuelezwa polepole. Juu ya praima iliyokauka hupuliziwa vumbi jepesi la rangi nyeusi, kiasi cha kuchafua tu. Halafu msasa, uliozungushiwa kipande cha ubao au cha mpira mgumu, hupitishwa kwa maji juu ya eneo lote. Panapoinuka, weusi huondoka kwanza. Panapobonyea, weusi hubaki. Jicho linalodanganywa na praima ya kijivu sasa linasomewa ramani, na kiganja huthibitisha. Viganja vya fundi mzoefu huhisi bonde ambalo macho hayajaliona bado. Anayeruka hatua hii ataliona bonde lake siku ya mwisho, likiwa limeng'arishwa vizuri.

Kuna tahadhari moja hapa. Rangi za magari za enzi ile, hasa za njano na nyekundu, mara nyingi zilipata ukali wake kwenye kromati ya risasi. Kuzipiga msasa mkavu ni kurusha risasi hewani, mahali ambapo watoto wa jirani wanacheza. Msasa wa maji hushika vumbi likawa tope, na tope hilo hukusanywa na kupelekwa kwenye taka za sumu badala ya kumiminwa mferejini.

Mini za kwanza ziliuzwa kwa majina mawili, na kila jina rangi tatu. Za Austin zilikuwa Tartan Red, Speedwell Blue na Farina Grey. Za Morris zilikuwa Cherry Red, Clipper Blue na Old English White. Chini ya British Leyland, miaka ya 1970, zikaja nyingine zenye namba za BLVC: Harvest Gold ni 19, Damask Red ni 99. Waingereza walizipa majina ya kuvutia wateja: dhahabu ya mavuno, wekundu wa kitambaa cha Dameski.

Kiswahili kina njia yake, nayo ni ya moja kwa moja zaidi: kinataja kitu. Kijivu ni jivu. Manjano ni ile bizari ya jikoni. Kahawia ni kahawa, chungwa ni chungwa, ugoro ni ugoro, na ile Damask Red fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, angeiita damu ya mzee kabla hujamaliza kuuliza. Zambarau ni tunda, lile linalodondoka chini ya mti na kuacha madoa kwenye kanzu na kwenye ndimi za watoto. Anayesema anataka gari la zambarau amekwisha kueleza mengi: wekundu kidogo kwenye mwanga, weusi wa buluu kivulini, na utelezi wa ganda lililoiva.

Selly Oak ina sababu yake ya kuipenda rangi hiyo. Mtaa wa jirani ni Bournville, ambako ndugu wa Cadbury walihamishia kiwanda chao cha chokoleti mwaka 1879, na karatasi ya zambarau ya Cadbury imekuwa kama bendera ya upande ule wa jiji. Kampuni iliithamini kiasi cha kuomba mwaka 2004 isajiliwe kuwa alama yake ya biashara, kwa kipimo cha Pantone 2685C. Nestlé ikapinga, na Oktoba 2013 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na Nestlé kwamba maelezo ya ombi hayakuwa bayana vya kutosha. Mawakili wa kampuni mbili kubwa waliumizana vichwa kwa miaka kuhusu namna ya kuieleza rangi moja kwenye karatasi. Ubishi huo ulihusu vifungashio vya chokoleti, hauhusu milango ya Mini, lakini unaonyesha jambo ambalo kila mchanganyaji hukutana nalo asubuhi ya kwanza: rangi inaonekana upesi, kuielezea ndiyo kazi.

Namba husaidia. Mwenye Toyota mjini Dar es Salaam hufungua boneti, akasoma bati dogo: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Muuza rangi hutafuta namba hiyo kwenye kompyuta, ikampa orodha ya tinta, yaani rangi mama, na uzito wa kila moja. Kopo huwekwa juu ya mizani ya kielektroniki inayosoma sehemu ya gramu, na tinta humiminwa moja baada ya nyingine. Hapimi kwa jicho, wala hapimi kwa ujazo, kwa kuwa tinta hutofautiana uzito; nyeupe ya titani ni nzito, nyeusi ya kaboni ni nyepesi lakini tone lake moja hufanya mengi.

Anayetaka rangi isiyo na namba hana orodha hiyo. Anayo mizani tu, daftari, na makopo machache. Akiwa mgeni wa kazi hii atafanya kile kila mtoto alichofundishwa darasani: nyekundu na buluu, changanya, pata zambarau. Atapata rangi ya tope. Sababu inaelezeka. Nyekundu nyingi zina unjano ndani yake, na buluu nyingi zina ukijani. Unjano, wekundu na ubuluu vikikutana huzimana, na kinachobaki ni kahawia chafu. Zambarau safi haianzi na nyekundu na buluu za kawaida. Inaanza na tinta ambayo tayari ni urujuani, ile ya kemikali ya dioksazini, kisha inasogezwa upande mmoja kwa nyekundu ya waridi au upande wa pili kwa buluu isiyo na kijani. Nyeupe huongezwa kwa ncha ya kijiti. Ikizidi, tunda limegeuka kuwa rangi ya kitambaa cha watoto wachanga.

Hesabu yake ni rahisi na haina huruma. Jaribio la kwanza hufanywa kwa gramu 100, na kila tone linaandikwa. Gramu 1 ya nyeupe katika jaribio hilo ni gramu 30 katika kilo 3 za kupaka gari zima. Kwa hiyo kosa la nusu gramu ambalo halionekani kwenye kikombe litakuja kuwa gramu 15 kwenye ndoo. Anayeongeza bila kuandika, hata akifika mahali penye rangi anayoitaka, hajui amefikaje na hawezi kurudi. Daftari lina thamani kuliko bunduki ya rangi. Na rangi ya gari zima huchanganywa mara moja, ndani ya chombo kimoja, kwa sababu makopo mawili yaliyochanganywa siku mbili tofauti hayatalingana, na tofauti hiyo itajitokeza palepale mlango unapokutana na madigadi.

Kikombe hakiaminiki. Rangi mbichi na rangi kavu ni vitu viwili, na rangi iliyokorogwa kwa kijiti hailingani na iliyopuliziwa. Hivyo kila jaribio hupuliziwa kwenye kadi yenye miraba myeusi na myeupe, mkono juu ya mkono, hadi miraba ipotee. Zambarau hupitisha mwanga. Miraba yake huchelewa sana kupotea. Hilo linamwambia mchanganyaji kwamba praima ya chini lazima iwe ya kivuli kimoja gari zima. Akiacha praima nyeupe kwenye boneti na ya kijivu kilichokoza kwenye buti, atakuwa na zambarau mbili juu ya gari moja, hata kama kopo ni lilelile. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Kisha kadi hutolewa nje. Rangi mbili zinaweza kulingana kabisa chini ya taa ya jikoni na kukosana mchana, maana kila tinta hurudisha sehemu yake ya mwanga, na taa na jua havitoi mwanga uleule. Hapa Birmingham ina neema ambayo wakazi wake huilalamikia: mawingu. Anga lililofunikwa sawasawa hutoa mwanga mpole usio na vivuli vikali, na kadi huonekana ilivyo. Lakini gari halitaishi chini ya mawingu peke yake. Kadi hutazamwa pia juani, jioni, na kwa kuinamishwa.

Anayetaka ung'avu wa ziada atakutana na chembe. Rangi ya metali ina vipande vidogo mno vya alumini vinavyoelea ndani yake. Ya lulu ina maganda ya maika yaliyovishwa oksaidi ya titani, yanayovunja mwanga kama ganda la chaza. Chembe hizo hulala kadiri zilivyopuliziwa. Rangi ikitua nzito na mbichi, huzama na kusimama hovyo, gari likaonekana jeusi ukilitazama usoni. Ikitua nyepesi, hulala juu juu na kung'aa. Halafu kuna ile ambayo Wamarekani huiita rangi ya peremende, inayonasibishwa na Joe Bailon wa California katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili: chini fedha au dhahabu, juu tabaka za rangi inayopitisha mwanga kama kioo chekundu. Kila mkono huiongezea kina. Inapendeza kuliko maneno, na ni rangi mbaya kabisa ya kujifunzia, kwa sababu kila mahali mkono wa fundi ulipopishana na mwenzake hubaki mstari mweusi usiofutika. Mwenye Mini ya uani atafanya busara kuchagua zambarau tupu, isiyo na chembe.

Swali linalofuata ni la kemia, na ndilo linaloamua kama kazi hii inafaa kufanyiwa nyumbani au la.

Mwanzoni mwa karne ya 20 magari yalipakwa vanishi za mafuta kwa brashi, kama vile magari ya farasi, na kukauka kulichukua wiki. Ford ilipata nyeusi iliyokauka haraka tanuruni, ikang'ang'ania nyeusi. Mwaka 1923 General Motors ilitoa gari la Oakland la buluu lililopuliziwa rangi mpya ya DuPont iliyoitwa Duco, iliyotengenezwa kwa nitroselulosi. Muda wa wiki ukawa saa. Jina hilo lilishika kiasi kwamba Afrika Kusini hadi leo watu husema duco wakimaanisha rangi yoyote ya gari. Rangi hiyo ya selulosi hukauka kwa thina kupaa hewani, basi. Haibadiliki kikemia. Ndiyo maana mkono wa pili huyeyusha kidogo mkono wa kwanza na kushikamana nao, na kosa la jana hurekebishika leo. Ndiyo maana pia ikidondokewa na petroli huharibika.

Rangi za kisasa zenye nguvu ni za pakiti mbili: rangi au klia, ile vanishi isiyo na rangi, upande mmoja, hadena, yaani kigumishi, upande wa pili. Zikichanganywa, mara nyingi mbili kwa moja, hufungana kuwa ganda gumu linalostahimili petroli, jua na miaka. Nguvu hiyo hutoka kwa isosianeti iliyomo ndani ya hadena, na hapo ndipo sura hii inamsihi msomaji asome polepole. Isosianeti ikipuliziwa huwa ukungu mwembamba ambao sehemu yake kubwa haionekani kwa macho. Ikivutwa, inaweza kuufundisha mwili kuichukia, na baada ya hapo hata kiasi kidogo huleta pumu, pengine ya maisha yote. Mamlaka ya Afya na Usalama Kazini ya Uingereza, HSE, imeeleza kwamba wapuliza rangi za magari wako kwenye hatari ya kupata pumu iliyo kubwa mara 80 kuliko ya wafanyakazi wengine kwa jumla. Mamlaka hiyo hiyo inaonya juu ya tabia ya kuinua kioo cha barakoa mara bunduki inapozimwa ili kuikagua kazi. Ukungu bado upo. Haujaonekana tu.

Barakoa ya kitambaa haiuzuii. Leso iliyofungwa puani haiuzuii. Kwa rangi hizo kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mahali pasipo na rangi, na chumba kinachofyonza ukungu kisije kikautoa kwa jirani. Ua wa Selly Oak, wenye dirisha la jiko la mwanafunzi mita tatu kutoka lilipo gari, si chumba hicho. Wala ukingo wa barabara pale Gerezani si chumba hicho, wala uwanja wa Grogan mjini Nairobi. Mafundi wa huko wana mikono ambayo Longbridge ingeionea fahari. Wengi wao hupulizia klia ya pakiti mbili wakiwa na kitambaa usoni, kwa sababu mteja anataka gari kesho na barakoa ya hewa ni ghali. Kikohozi cha usiku na kifua kinachobana mwisho wa wiki havipaswi kuitwa gharama ya kazi. Mwenye gari anayeuliza bei ya klia angeuliza vilevile anayepulizia atavaa nini.

Kwa hiyo zambarau ya uani itakuwa ya selulosi, isiyo na hadena. Sheria inaruhusu kwa masharti. Tangu mwaka 2007 kanuni za Ulaya, ambazo Uingereza ilizipokea, ziliweka kikomo cha viyeyusho vinavyopaa kwenye rangi za kukarabati magari, gramu 420 kwa lita kwa rangi nyingi za juu, na karakana zikahamia rangi za maji. Selulosi imebaki kwa ajili ya magari ya kale. Nayo ina hatari zake. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kama maji na kutafuta moto: jiko la gesi, hita, cheche ya swichi. Barakoa yenye kichujio cha kaboni huvaliwa tangu kopo linapofunguliwa, na kompresa hukaa mbali, upande upepo unakotoka. Majirani huambiwa mapema. Mvuke unaoingia nyumba ya mtu unaweza kuhesabiwa kuwa kero kisheria, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990, na halmashauri ya jiji ikabisha hodi.

Jambo moja hukaguliwa kabla ya tone la kwanza. Kama chini kumebaki rangi ya zamani, kitambaa chenye thina ya selulosi husuguliwa mahali pa siri. Rangi ikikunjamana kama ngozi ya maziwa, haitaistahimili selulosi juu yake. Itang'olewa au itafunikwa kwa praima ya kuitenga.

Basi inasubiriwa siku. Januari ya Birmingham haina siku hiyo; karatasi za maelezo hutaka nyuzijoto 20 au karibu yake, na chuma chenyewe kiwe na joto, hewa peke yake haitoshi. Unyevu ni adui mkubwa zaidi. Thina inapopaa hupoza uso wa rangi, na hewa ikiwa na majimaji, umande hutua juu ya rangi mbichi na kuacha ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Fundi wa Tanga wakati wa masika anaijua ajali hii vizuri kuliko wa Selly Oak. Dawa yake ni thina inayopaa polepole, na dawa kubwa zaidi ni kuahirisha.

Rangi huchujwa kwa kichujio cha karatasi na kuchanganywa na thina, sehemu moja kwa sehemu moja, kama kipimo cha kuanzia. Maji hunyunyizwa sakafuni ili vumbi lilale. Bodi hufutwa kwa kiondoa mafuta na baada ya hapo haiguswi kwa mkono mtupu, kwa sababu alama ya kidole au mabaki ya nta yenye silikoni hufanya rangi ijitenge na kuacha vishimo vya duara ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Bunduki hushikwa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati. Huanza kwenda kabla haijafunguliwa, na hufungwa baada ya kupita ukingo. Kila mpito hufunika nusu ya uliotangulia. Kifundo cha mkono hakipindi. Ni bega na kiuno vinavyosafiri, ili umbali usibadilike, na anayepulizia paa la Mini hulazimika kuuzoeza mwili wake mwendo huo kabla bunduki haijatiwa rangi.

Akiwa mbali mno, rangi hukauka angani na kutua kama unga. Akiwa karibu mno au akisitasita, hutiririka kama machozi. Rangi ikiwa nzito au presha ikiwa ndogo, uso huwa kama ganda la chungwa. Mikono ya selulosi huwa mingi, sita au nane, na kati ya mmoja na mwingine kuna kungoja. Katikati ya mkono wa tatu na wa nne miraba ya kadi iliyobandikwa kando ya gari huanza kufifia, na chini ya turubai, kwa mara ya kwanza, Mini inaacha kuwa ya kijivu.

Halafu inaachwa. Selulosi huendelea kunywea kwa wiki kadhaa, ikizama ndani ya kila mkwaruzo wa msasa uliofanywa kwa pupa chini yake. Kuing'arisha mapema ni kuifanya kazi mara mbili. Wakati huo unafaa kwa makaratasi: nchini Uingereza rangi ya gari imeandikwa kwenye hati ya usajili, V5C, na anayeibadilisha anatakiwa kuiarifu DVLA, mamlaka inayosajili magari. Kadi za usajili za Tanzania na Kenya nazo zinataja rangi, na polisi wa barabarani husoma kadi kisha akatazama gari. Rangi ya chombo cha barabarani haijawahi kuwa shauri la mwenyewe peke yake. Wakenya wanakumbuka Februari 2004, wakati kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika na matatu zote zikapigwa ukanda wa njano.

Wiki zikiisha, msasa mwembamba wa 1500, kisha 2000, hupitishwa kwa maji na sabuni kidogo hadi gari zima liwe butu kama ubao wa darasani. Moyo wa mwenyewe hushtuka hapo, hata kama alionywa. Dawa ya kung'arisha hufuata, kwa kitambaa na kwa mkono kwenye kingo, ambako rangi ni nyembamba na mashine ingeila mpaka praima. Mng'ao hurudi kidogo kidogo, kiganja baada ya kiganja, na ndani yake unaonekana ukuta wa matofali mekundu wa nyumba ya pili.

Zambarau iliyobaki, nusu lita hivi, humiminwa kwenye kopo dogo linalojaa hadi juu ili hewa isipate nafasi. Kwenye kifuniko hupakwa rangi yenyewe kwa ncha ya brashi. Ubavuni huandikwa tarehe, jina la kila tinta na gramu zake, kama zilivyo daftarini, kisha kopo huwekwa kabatini, mahali pa baridi pasipo na moto. Mitaa ya Selly Oak ni myembamba, na milango ya magari ya wanafunzi hufunguliwa kwa pupa.